Kaya ya Mtu Mmoja

Niliporudi kutoka ng'ambo kukusanya data za shahada ya uzamivu nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sina mume, sina mtoto, nina masanduku mawili ya fomu. Nilipanga chumba Makambako, si mbali na stesheni ya reli, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye mumewe alikuwa dereva wa lori la mizigo la kwenda Tunduma. Walikuwa wametoka Singida miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria. Wiki ya kwanza tu aliketi nami barazani kutaka kunijua.

"Nasikia wewe daktari," alisema.

"Bado. Ndio nasomea."

"Udaktari wa nini?"

"Wa ustawi wa jamii."

Akafikiri kidogo. "Sasa mtu akikujia anaumwa, wewe unamtibu nini?"

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, hasa ninapoulizwa swali ambalo hata mimi nimewahi kujiuliza. Nilimjibu kwa mkato kwamba simtibu mtu, nafanya utafiti. Alinitazama kwa huruma ya wazi kabisa, na kesho yake asubuhi akaniletea vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa. Nilivila vyote nikiwa nimesimama dirishani, upepo wa Makambako ukitikisa bati juu ya kichwa changu.

Hakuna aliyeniambia kwamba uzamivu ni upweke. Shahada ya kwanza tulisoma kwa makundi, tukigombania kitabu kimoja. Ya pili tulikuwa wachache, lakini tulikuwepo, tulisengenya walimu pamoja. Ya tatu ni wewe na msimamizi wako, na msimamizi wangu alikuwa umbali wa barua ya wiki tatu. Alikuwa mtu muungwana, mpole, ambaye hajawahi kuiona Njombe na ambaye kila barua yake iliniuliza habari za hali ya hewa kabla ya kuipasua sura nzima ya tasnifu yangu. Siku nyingine nilikwenda posta mara mbili, asubuhi na mchana, nikijua vizuri kwamba mfuko wa barua huja mara moja. Nilitaka tu karani aseme, "Leo hamna, dada," ili niwe nimezungumza na mtu.

Mada yangu ilikuwa wazee wanaoishi peke yao. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nikiwa ofisa ustawi wa jamii, kabla sijapata ufadhili. Vijana walikuwa wamemiminika mijini kuuza mitumba na betri, mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na hospitali zimeanza kudai wagonjwa wachangie. Vijijini wamebaki nani, na anayewapikia uji wakiugua ni nani? Hilo ndilo lilikuwa swali langu, na bado naliona ni swali zuri.

Ili kulijibu ilibidi kwanza tukubaliane kaya ni nini. Msimamizi wangu alinitumia maelezo yake, nami niliyatafsiri na kuyabandika ukutani: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na ambao usiku uliopita walilala chini ya paa moja. Nani anaingia, nani haingii. Kanuni ni moja kwa fomu zote, aliandika, ukiilegeza kwa mmoja umeilegeza kwa wote. Niliipenda kanuni ile. Katika maisha yangu ya wakati ule ilikuwa ndiyo kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Msaidizi wangu alikuwa mzee mmoja wa Wanging'ombe, zamani bwana maendeleo, aliyepunguzwa kazini na akabaki na baiskeli, koti la ofisi na mwandiko mzuri kuliko wangu. Aliniita bosi kwa utani, mimi nikimwita mzee kwa heshima. Siku ya kwanza ya kazi tulikwenda wote Kitandililo, nimwonyeshe namna ya kuhoji. Tulimkuta bibi mmoja anapukuchua mahindi uani. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akatupa vigoda, nikafungua fomu.

"Bibi, hapa nyumbani mko wangapi?"

"Saba," alisema, bila kuacha mahindi yake.

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja na kanga moja kwenye kamba. Nikamuuliza ni akina nani. Akahesabu kwa vidole. Wawili wako Dar. Mmoja Mbeya. Mmoja Tunduma, anauza nguo. Wawili wamelala pale, akaonyesha kwa kidevu upande wa mianzi, palipokuwa na makaburi mawili yaliyofagiliwa. "Na mimi. Saba."

"Ninauliza wanaolala humu ndani, bibi. Jana usiku."

"Nimekujibu, mjukuu."

Niliandika saba mbele yake ili nisimwudhi. Tulipofika barabarani niliegemeza fomu kwenye tandiko la baiskeli, nikaikata ile saba kwa kalamu nyekundu, nikaandika moja.

"Lakini bosi, amesema saba," alisema bwana maendeleo.

"Amesema, lakini hawapo."

"Sasa kama jibu tunalo sisi, tunamsumbua kumwuliza ya nini?"

Nilimpa somo zima pale pale barabarani, la jibu la mhojiwa na uhakiki wa mtafiti. Alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyehudhuria semina nyingi, na tangu siku hiyo akawa anaandika walichosema watu, na penye mashaka anaweka alama pembeni, kukata ananiachia mimi. Nilikata nyingi. Wazee wale karibu wote walijihesabu na watu wasiokuwepo. Kila Jumapili mchana nilikaa kitandani na kalamu yangu nyekundu, nikiwapunguza.

Kijiji cha Yakobi sikwenda mwenyewe. Ni kwetu, na utaratibu haukuruhusu nihoji watu wangu, kwa hiyo nilimtuma bwana maendeleo achukue kila nyumba ya tano kwenye orodha ya kijiji. Sikumwambia kwamba mama yangu anakaa huko. Nilikuwa na sababu nzuri ya kitaalamu, na chini yake nilikuwa na aibu. Miezi minne nimekaa Makambako, basi la Njombe linapita kila siku, nami nilikuwa nimekwenda kumwona mara moja tu. Nikifika, kabla sijaweka mfuko chini, angeniuliza, "Umemaliza?" Ningesema bado. Wanajumuiya wenzake wangekuja kunisalimu baada ya misa na kuuliza hicho hicho kwa sauti ya kumwuliza mgonjwa. Basi nilijiambia nitakwenda nikimaliza.

Fomu za Yakobi zilinifikia Jumamosi. Kesho yake mchana nilikuwa nimefika katikati ya bunda nilipokutana na hii. Fomu zetu hazikuwa na majina, namba tu. Mhojiwa mwanamke, mjane, umri sabini na kitu. Idadi ya watu katika kaya: wawili. Wa pili: binti. Umri wa binti: thelathini na tisa. Kazi ya binti: mwanafunzi. Alilala nyumbani jana: ndiyo. Pembeni bwana maendeleo alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake mzuri: "Binti sikumkuta. Mama anasema yuko shuleni, atarudi. Kitanda chake nimekiona, kimetandikwa. Umri na kazi havilingani, tafadhali hakiki."

Niliisoma nikacheka kwanza, kwa sababu kweli havilingani. Halafu nikalia, na nililia kwa sauti mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango akiuliza kama nimepata taarifa ya msiba. Nilimwambia hapana, kichwa kinauma. Akasema, "Daktari naye anaumwa kichwa," akaenda kunitafutia dawa.

Nilikaa na fomu ile siku tatu. Nilifikiria kuitoa. Lakini kuitoa lazima nieleze sababu, na sababu nikiieleza, Yakobi nzima ingetiliwa shaka. Nilifikiria kuiacha wawili. Lakini nikimwachia mama yangu wawili, yule bibi wa Kitandililo nimnyime saba yake kwa haki gani? Ningelazimika kurudia kila fomu niliyokata na kuanza sura upya, na ufadhili wangu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Niliwaza pia kwamba huenda sisi ndio hatukujua kuhesabu. Wazo hilo lilikuwa la kweli na lilistahili kuwa uzamivu wangu, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza.

Siku ya nne nilikata ile mbili, nikaandika moja. Nimeshangaa miaka yote hii jinsi nilivyoifanya kazi ile kwa wepesi.

Alhamisi nikapanda basi la asubuhi kwenda Njombe, na kutoka mjini nikaenda Yakobi kwa miguu, ukungu haujainuka. Mama alikuwa jikoni anachambua njegere. Hakuniuliza kama nimemaliza. Alinisogezea kigoda karibu na moto, akanimiminia chai, akaanza kunipa habari za kijijini, nani kahama, nani kafungua duka, kwaya imepata kinanda. Nilisaidia njegere. Kwa pembe ya jicho niliona mlango wa chumba changu uko wazi.

"Alikuja mzee mmoja na makaratasi," alisema baadaye. "Mwenye koti. Anaongea vizuri."

"Nilisikia."

"Nilijua ni wa kwako. Maswali yale, nikasema huyu katumwa na mwanangu tu."

"Sasa mama," nilisema, nikijitahidi sauti iwe ya kawaida, "kwa nini ulimwambia nililala hapa?"

Akanitazama kama nilivyostahili kutazamwa. "Ulitaka nimwambieje? Nimwambie mgeni, mtu mzima ameshika kalamu, kwamba mimi sina mtu? Akaandika, wakasoma huko Ulaya?"

Sura yangu yote ya nne ilikuwa juu ya mambo aliyokuwa ameyasema kwa pumzi moja, na mimi nilikuwa nimeyapa jina la kosa la takwimu. Nilichambua njegere chache. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini ningeanza kumwomba ingebidi nimwambie ni wa nini.

"Na wewe," aliuliza, "umeniandikaje?"

Aliuliza kwa upole, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Nilifikiria kumweleza habari ya chungu kimoja na paa moja. Kiswahili cha kumwelezea nilikuwa nacho, na Kibena chetu pia.

"Wawili, mama," nilisema.

"Haya. Vizuri." Akapeperusha maganda, akapuliza. "Unalala, au unarudi leo?"

Nikamwambia ninarudi leo, na basi la saa nane.