Sabato Inayoanza kwa Adhana

Katika supamaketi ile ya Malindi, Kadii alikuwa Msabato peke yake, na saa yake ya kuingia Sabato ilikuwa adhana. Ijumaa jioni, msikiti wa nyuma ya duka ulipoadhini maghribi, alijua jua limetua. Hapo alifunga droo ya pesa, akavua shati la kazi na kuaga hadi Jumapili, awahi maombi ya kufungua Sabato kanisani. Sumeiya wa Shella, keshia mwenzake, alibaki na foleni zote mbili, akaswali baadaye kidogo.

"Shoga, silimu tu tujue moja," Sumeiya alizoea kumtania. "Muadhini wetu unamsubiri kuliko sisi wenyewe!"

"Mwambie asilale. Akichelewa yeye, dhambi ni yangu."

Walicheka, lakini Sabato hiyo ilikuwa imemgharimu Kadii. Alikulia Jilore, katika boma lenye vigango, nguzo za kuchonga za kuwakumbuka mababu, uani na Biblia ya mama chumbani, akabatizwa katika mto Sabaki akiwa msichana mkubwa. Tangu hapo kazi zilimponyoka. Hoteli ya Watamu ilimtaka Jumamosi, siku wageni wanapoondoka na wengine kuingia. Duka la vitambaa nalo lilimtaka Jumamosi. Hakugombana na mtu. Alishukuru, akarudi kumsaidia mama yake kulima mahindi. Supamaketini ndiko alikopata meneja wa kumwelewa, naye Kadii akazichukua zamu za Jumapili zote ili wenzake waende kanisani. Miaka ikapita, hakuna aliyenung'unika.

Kisha meneja yule akastaafu, akaja Ndinda kutoka Machakos, mwanamke mpole lakini mwenye haraka. Ramadhani ilipoandama aliwaita makeshia wake wawili wa jioni awapangie zamu.

"Madam, Ijumaa maghribi mimi hutoka," Kadii alisema.

"Na mwezi huu mimi maghribi nafuturu," alisema Sumeiya.

Ndinda aliwatazama mmoja mmoja. "Saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo," walijibu pamoja.

"Kwani hizi ibada zenu haziwezi kupishana hata kidogo?"

Sumeiya alicheka. Kadii hakucheka.

"Sina ubaya na dini ya mtu," Ndinda aliendelea, "ila siwezi kuacha duka bila keshia. Patananeni nani atabaki. Msipopatana nitachagua mimi, na atakayetoka bila ruhusa yangu asirudi."

Hawakupatana. Kadii alipojaribu kulianzisha jambo lile stoo, kati ya magunia ya sukari, Sumeiya alimkata kauli.

"Mimi nashinda na kiu tangu alfajiri, Kadii. Wewe chapati yako unaila saa kumi mbele yangu."

Ilikuwa kweli, na Kadii aliona haya. "Kwangu si tumbo, Sumeiya. Kwangu ni siku yenyewe."

"Na kwangu unadhani ni tumbo?"

Kuanzia hapo utani ukaisha. Walikaa kaunta kwa kaunta, wakiwachekea wateja na kunyamaziana wao.

Ijumaa ile duka lilifurika. Watu waligombania tende, tambi na maziwa, kila mtu akitaka kuwahi nyumbani. Foleni ilikuwa imebaki fupi adhana ilipotoka. Mkono wa Kadii ulikwenda wenyewe kwenye droo. Akamwona Sumeiya, midomo imemkauka, akipitisha unga wa mteja kwenye mashine huku tende yake na chupa ya maji vimekaa pembeni juu ya leso, hajavigusa.

"Nenda ukafungue saumu," Kadii alisema.

"Na Sabato yako?"

"Nenda, mwenzangu. Maji hayo yanakungoja." Akawageukia wateja wa Sumeiya. "Karibuni huku."

Kila mlio wa mashine ulimchoma. Alijiuliza kama Bwana, aliyeponya wagonjwa siku ya Sabato, angeiita hii huruma au angeiita kazi. Alifunga sukari ya watu, akawarudishia chenji, akawatakia futari njema.

Mara wateja wakaisha. Ndinda alitoka ofisini na uso wa mtu aliyejiandaa kuamua kesi. Alikuta njia kati ya rafu ni tupu, barabarani hata bodaboda hakuna, na Kadii peke yake kwenye kaunta. Alitazama nje mlangoni, akaelewa kuwa saa hiyo mji mzima unafuturu.

Sumeiya akarudi mbio, shavu limevimba kwa futari. "Toka, toka! Usinitie dhambini na dini isiyo yangu."

"Wewe kaimati bado ziko mdomoni," Ndinda alimwambia. "Rudi ukamalize, uswali. Na wewe Kadii, nenda. Nitakaa mimi." Akajiweka kwenye kiti cha Kadii, akakirekebisha. "Ni Ramadhani hii tu, jamani. Baada ya Idi sijui."

"Baada ya Idi nitabaki mimi, kama zamani," alisema Sumeiya, akameza.

Kadii alipofika kanisani, maombi ya kufungua Sabato yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyakosa tangu abatizwe. Alikaa benchi la nyuma na moyo mzito, akainamisha kichwa aombe msamaha. Alichoweza kumwambia Mungu ni kwamba Sumeiya alikuwa na kiu.