Niliwaita Walevi Mababu Waliochoma Kituo

Nimekosa mimi. Sina wa kumsingizia, maana mdomo ni wangu!

Mzee mmoja Mbelgiji, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Katanga, alikuwa akiandika kitabu kuhusu eneo letu. Ndiye aliyenisaidia kupata vibali vya kuishi hapa Brussels. Akaniomba nimletee tonton, kaka wa mama yangu, asimulie jinsi kijiji chetu kilivyoiasi serikali ya mfalme wao, iliyowalazimisha watu kugema mpira msituni, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Tonton hakujua Kifaransa, na mzee Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Tonton alisimulia kwa hasira. "Bamama balifungiwa mu kituo ya serikali, mupaka bwana zao balete mpira. Batoto bakakufa na njaa. Babu yetu akasema: bon, leo inaisha! Kijiji yote ikaenda na moto. Umuambie yote, mutoto wangu."

Nikatazama keki aliyotuandalia mke wa mzee. Kwetu humwaibishi mzee sebuleni kwake, tena aliyekufadhili. Nikasema palitokea kutoelewana kuhusu kazi. Halafu, mjinga mimi, nikatia utani: vijana walikuwa wamelewa pombe ya michikichi! Mzee akacheka, akaandika, kaseti ikirekodi. Tonton akatabasamu, akidhani amesikika.

Kitabu kikatoka. Binti yake tonton akakisoma saluni, kwenye Galerie d'Ixelles, akamtafsiria papo hapo baba yake aliyekuwa naye. "Wakulima walevi walichoma kituo." Basi!

Tonton akanipigia simu. "Ndio vile nilisema?"

Nikamwambia niliona haya kumwaibisha mzee mbele ya keki ya mkewe.

"Babu zetu balinyongwa juu ya ule moto, weye unabaita balevi? Juu ya gato?"

Hakuongea nami tena mpaka alipofariki. Kwenye matanga walinikataza kusimama na familia. Nilipomwomba yule mzee arekebishe, alinijibu kwa upole kwamba kaseti ya siku ile anayo, na sauti ya Kifaransa ni yangu. Nilitaka kumrushia kile kitabu! Lakini alikosa nini? Aliandika nilichosema.

Juzi binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikiona kabatini. "Donc papa, babu yetu alikuwa mulevi?"

Nimemweleza mpaka nimekauka koo. Akaniuliza kwa nini basi kitabu kinasema hivyo.

Wenzangu, mkipewa maneno ya wazee myafikishe, yafikisheni na hasira yake! Mwenye nyumba akichukia, achukie. Mimi nilimwonea haya mtu mmoja, na sasa mtoto wangu ananionea haya mimi.