Balozi Niliyemfanya Mshenga

Aibu hii niliificha tangu theluji ya mwaka jana, lakini kwa kuwa Brooklyn Center nzima, mji wetu huku ughaibuni, inaisimulia, na inaisimulia vibaya, afadhali mwenye kuchekwa aieleze mwenyewe.

Jirani wa mwanangu Kevin kule Maplewood ni mzee wa Kizungu, balozi mstaafu wa kanchi fulani ka Ulaya (kadogo, akikuonyesha kwenye ramani kidole chake kinakafunika kote). Baada ya ubalozi akawa mshauri wa rais wao kuhusu kujiunga na zile nchi kubwa za Ulaya zilizoungana, na kazi yake, kadiri nilivyoielewa mimi niliyeacha shule darasa la nne, ilikuwa kubisha mlango miaka na miaka, anadaiwa hiki, anadaiwa kile, anakubali, mpaka wakafunguliwa. Nikaona mshenga ndiye huyu.

Maana Kevin alitaka kumwoa Moraa, nesi, na msemaji wetu wa siku zote ni binamu yangu Onchari, anayejua hotuba moja tu, ile ya tumeona ua zuri kwenye boma hili. Nikamwambia safari hii apumzike. Nilitaka kujionyesha tu, basi; nikampigia simu mama Moraa nikamwambia naleta mshauri wa rais. (Rais yupi, sikusema.)

Siku ikafika, sebule ya kina Moraa imejaa mashangazi, balozi amevaa tai. Alianza vizuri, akasifu pilau, akakubali kila walichotaka cha mahari mpaka Onchari akanikanyaga mguu. Kisha akavua miwani, akaeleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba nchi yake ilipoingia, wakubwa waliogopa watu wake watahamia kwao wote kwa mpigo, wakawawekea miaka saba ya kungoja. Hata hapa, akasema, ndoa changa ipewe miaka saba kabla jamaa hawajahamia.

Kila mtu pale alijua kwamba mama Moraa alikuwa ameshatoa notisi kwenye nyumba yake ya kupanga, anahamia kwa bwana harusi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama nikapiga makofi, nikasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshauri ikulu, yaandikwe.

Mama Moraa akaniangalia kama anayechagua samaki sokoni. "Baba Kevin, na wewe unaishi wapi?"

Ninaishi, yaani niliishi, besimenti ya Kevin, chini ya nyumba, mlango wangu mwenyewe, runinga kubwa, sakafu ya joto. Nikasema mimi sihamii, mimi nimo humo tayari. Nikamgeukia balozi nikamnong'oneza awaambie sheria ni ya upande wao tu. Mtu ameketi na wanasiasa maisha yake yote, ungedhani anajua kudanganya kidogo. Akanijibu kwa sauti, mbele ya watu wote, "Masharti ni sawa kwa pande zote mbili, rafiki yangu. Bila hivyo hakuna mkataba."

Shangazi mmoja akafuta machozi ya kicheko. "Mshauri wa rais ameshasema, baba. Na makofi ulipiga wewe."

Nikadhani mila itaniokoa, maana bibi harusi lazima aulizwe kama amekubali. Akaulizwa. "Kevin nimemkubali," Moraa akasema, macho kwenye kikombe. "Na hicho kifungu cha balozi nimekikubali zaidi." Kevin, niliyemsomesha mimi, akawa anachunguza zulia.

Sasa nakaa Columbia Heights, ghorofa ya tatu, basi likipita vikombe vinatetemeka. Mama Moraa aliirudia nyumba yake kwa kumbembeleza mwenye nyumba, na tukikutana kanisani ananiita mkimbizi mwenzake. Lakini kinachoniuma zaidi ni balozi: yeye si jamaa, masharti hayamgusi, kila Jumapili anaitwa kula, anakalia kiti changu, na mimi nisipopiga simu kwanza sifunguliwi. Nimeapa, sitapigia tena makofi sheria ya mtu kabla sijauliza mimi nitalala wapi.