Nyar Kendu wa Daftari la 1995

Leo wivu umenishika vibaya, na mume wangu anakaribia kustaafu!

Nilikuwa napanga sanduku lake la zamani nikakuta daftari la 1995, wakati alikuwa mwalimu kijana kule Ntimaru.

Ameandika ovyo ovyo tu. Mvua, homa, kelele za darasa.

Halafu kila ukurasa, Nyar Kendu. Nyar Kendu alicheka. Nyar Kendu ana shingo nzuri.

Sasa, kwetu mke huitwa nyar, yaani binti, wa alikotoka. Mimi nimetoka Rodi Kopany, na hapa kwa wakwe miaka yote hii ni Nyar Rodi.

Huyu binti wa Kendu ni nani?

Nikamtupia daftari mapajani. "Baba Otieno, soma kwa sauti!"

Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Nyar Rodi, si ni wewe! Nilikuona Kendu Bay ukishona kwa shangazi yako. Nilidhani hapo ndio kwenu."

"Na mbona uliandika, hukuniambia?"

"Kichwa kilikuwa kimejaa. Nikiandika chochote kinachokuja, kinakuwa chepesi, nalala."

Wenzangu, mnafikiri wivu uliisha? Hebu semeni ukweli.

Nyar Kendu aliandikiwa daftari karibu zima. Nyar Rodi huulizwa tu kama chai iko tayari.

Nimechukua kalamu. Kurasa zilizobaki nazijaza mimi, bila mpango, kama yeye. Kichwa kimeanza kupoa.

Lakini huyo msichana wa Kendu, simpendi.