Nesi Aliyesoma Viganja Vyangu

Mwezi uliopita walitualika manesi wastaafu mjini Mpanda, tuonyeshwe mashine mpya ya kupima damu. Kijana wa maabara akaweka tone moja, akabonyeza, na kabla sijapata miwani yangu mkobani majibu yalikuwa yametoka. Wenzangu wakaguna, halafu wakaanza yale yetu ya siku zote: mabomba ya sindano ya kioo tuliyochemsha kwenye jiko la mkaa, sindano tulizonoa kwenye jiwe, bandeji tulizofua na kuanika. Mimi mawazo yalikuwa yameshanipeleka Kasokola, miaka ya hamsini, nikiwa na miaka minane hivi.

Ngoja nikusimulie. Kwetu wakati ule pori lilianzia nyuma ya jiko. Ndorobo, wale mbung'o wa porini, walikuwa wengi, ukienda kutafuta kuni au uyoga wanakuuma mgongoni hata kupitia nguo, na wengine walirudi na malale, ule ugonjwa wa homa na usingizi usioisha. Lori lilikuwa linakuja kuchukua wagonjwa kuwapeleka hospitali ya mbali. Kijijini petu tulishaona wawili wakipandishwa, na hakurudi hata mmoja.

Mama alianza kusinzia msimu wa kuvuna karanga. Kwanza homa na kichwa, kisha usingizi wa mchana. Baba alikuwa porini kurina asali, nyumbani tulibaki wawili tu. Siku moja mama akanishika mabega, akasema, "Mwanangu, usimwambie mtu. Wakijua watanipeleka, nitafia huko." Nikakubali. Basi mimi ndiye nikawa mama wa nyumba. Nilichota maji, nikatwanga muhogo kwa mchi ulionizidi kimo, nikasonga ugali wenye madonge ambao yeye aliusifu huku macho yakifumba. Jirani akiulizia, nilisema mama yuko shambani. Nilikuwa mwongo hodari, nisikufiche.

Nesi alikuwa mmoja tu kwa vijiji vyote vile. Alikuja kwa baiskeli, sanduku la mbao limefungwa nyuma, gauni jeupe limeingia vumbi jekundu mpaka magotini, na alinukia spiriti. Tulimwita Mama Nesi. Siku moja alikuja kutuchanja ndui, akatupanga mstari watoto wote. Zamu yangu ilipofika nikatoa mkono. Akachanja bila hata kuniangalia usoni. Halafu, badala ya kuniachia, akakigeuza kiganja juu. Kilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yameshakuwa sugu. Akavuta na kile cha pili.

"Nani anatwanga kwenu?"

"Mimi."

"Na mama anafanya nini ukiwa unatwanga?"

Nikajaribu kuivuta mikono yangu. Nilishaahidi. Hakuniuliza tena. Akamaliza mstari wote taratibu, akafunga sanduku, akasema, "Haya, nipeleke kwenu."

Tulimkuta mama amekaa juani, amelala, karanga moja mkononi ikiwa nusu imemenywa. Mama Nesi akapiga magoti vumbini, akamshika shavu, akamsemesha polepole kwa Kibende, lugha yetu ya nyumbani, kama dada yake. Akamtoboa kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo ili akaitazame kwa darubini ya zahanati. Siku ya tatu lori likaja. Mama alinitazama kutoka juu ya lori, na nilijua anafikiri nimesema. Nililia mpaka jirani akaja kunichukua, nikae kwake hadi baba arudi.

Ndugu yangu, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo nikikumbuka vile viganja vyangu mikononi mwake mwili unanisisimka. Aligundua ugonjwa wa mtu ambaye hajamwona, kwenye mikono ya mtoto aliyekuja kwa jambo jingine kabisa. Mashine za sasa ni nzuri, sizibezi. Zingekuwepo, labda ugonjwa ungejulikana mapema na mama asingekaa miezi kule hospitali. Lakini mashine inasubiri iletewe damu, na damu ya mama mimi nilikuwa nimeificha. Manesi wa leo wana mafaili, kompyuta, foleni mpaka nje ya geti. Siwalaumu. Muda wa kugeuza kiganja cha mtoto wangeutoa wapi?

Mama alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, anatembea mwenyewe. Alipona. Aliishi mpaka akawalea wanangu. Ila mimi Mama Nesi nilimchukia miezi yote ile. Baiskeli yake ikisikika, nilijificha nyuma ya ghala. Na mama aliporudi niliendelea kujificha, sasa kwa aibu, nikijiambia wiki ijayo nitatoka nimwamkie. Wiki hiyo ikaja na nesi mwingine. Yule amehamishwa, wakasema, na hakuna aliyejua ni wapi.

Nilipoanza kazi nilimuulizia kila kituo nilichopangiwa, kila nesi mzee niliyekutana naye. Wote waliniuliza swali moja, nami nilimjua kwa Mama Nesi tu. Wakasema, anaitwa nani?