Msaraba Mdogo Mwekundu Pembeni mwa Kadre

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Walikale, Chef d'atelier, mkuu wa karakana yetu ya uchapaji, alinipa kitambaa nifute kioo cha kompyuta, akanikataza kugusa kitu kingine mpaka jua lizame. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona mtu. Aliona uso wangu umenuna, akacheka. "Mashini haina haya, kaka," aliniambia. "Ikikosea, haya itakuwa ya kwako."

Kazi yetu ilikuwa kupanga kurasa: vitabu vya nyimbo vya parokia, barua za shule, matangazo ya vilio. Programu tuliyotumia wakati ule ilionyesha maandishi kama pazia la dirishani. Ulilivuta chini, na kama maneno yalikuwa bado yamebaki ndani, pembetatu nyekundu ilitokea katikati ya ukingo wa chini, mahali ambapo jicho haliwezi kuikosa. Kwa miaka mingi jicho langu lilizoea kutazama pale.

Chef alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Wengi waliotuletea matangazo hawakujua kusoma, kwa hiyo kila tangazo lilisomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kuchapwa. Mwenyewe akiitikia "njo hivyo", yaani ndivyo, karatasi inaenda kwenye mashini.

Vita vilitutoa Walikale. Chef alikimbilia upande wa Kisangani, mimi nikafika Masisi, nikaajiriwa na Patron, mfanyabiashara Mkatoliki kutoka Butembo aliyekuwa na duka, malori, na chumba kimoja cha kuchapia. Alitoa gazeti dogo la kurasa nne ambalo malori yake yalilipeleka kila mahali barabara ilipokuwa wazi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa ndugu wanaotafutana. Watu waliusoma kuliko Injili, Mungu anisamehe.

Siku moja Patron alileta kompyuta mpya yenye programu nyingine. Hapa maandishi hayakukaa katika pazia tena, yalikaa ndani ya kisanduku tulichokiita kadre. Fundi aliyekuja kuiweka alitaka kukaa nami mchana mzima anionyeshe vidude vyake. Nilimwambia aende salama, kompyuta ni kompyuta. Alisita mlangoni. "Papa, angalia pembe za kadre," alisema, "kule vitu ni vidogo." Sikumuuliza ni vitu gani.

Katika pembe ya chini, kuume, programu ile iliweka msaraba mwekundu, mdogo kama kiroboto, kila maneno yalipozidi kadre. Nami nilizoea kutazama ukurasa mzima kwa mara moja ili kuokoa mafuta ya jenereta, hivyo kila kitu kilionekana kidogo zaidi. Niliuona msaraba ule. Nikadhani ni mshikio wa kuvutia kadre, kama vile vidoti vingine vya pembeni.

Ndipo Mama Byamungu alipopanda kuja kwetu Masisi kutoka Sake. Alikuwa mtu wa Walikale, mkimbizi, mwembamba, mwenye utani. Alimtafuta mwanawe Byamungu, waliyepotezana naye njiani risasi zilipolia. Niliandika maneno yake kwa mkono, nikayaingiza kwenye kompyuta, nikatoa karatasi ya majaribio. Wino ulikuwa hafifu. Kwa hiyo nilipomsomea, macho yangu yalikuwa kwenye mwandiko wangu mwenyewe, si kwenye karatasi iliyotoka: "Mama Byamungu wa Walikale anamtafuta mwanawe. Mama ni mzima. Byamungu, usirudi Walikale, mama yako anakungoja Sake, karibu na soko."

"Njo hivyo," aliitikia. "Na uandike vizuri, huyo mutoto iko na kichwa kigumu kama baba yake."

Gazeti lilitoka likiishia kwenye "Mama ni mzima." Sentensi ya mwisho ilibaki ndani ya kadre, nyuma ya ule msaraba.

Byamungu alikuwa Nyamitaba, akitengeneza jibini kwenye ferme ya mtu, shamba la ng'ombe. Tajiri wake ndiye aliyekuja kwetu baadaye, gazeti likiwa limekunjwa mfukoni. Alisimulia kwamba kijana alilia kwa furaha, akaaga, akaondoka kwenda Walikale kwa mama yake, huku Sake ikiwa mwendo wa siku moja tu. Njiani wenye bunduki walimkamata abebe mizigo yao. Wenzake waliokamatwa naye walirudi, yeye hakurudi. Kisha tajiri akasikia kwa wachuuzi kwamba mama yuko Sake, na kwamba hayo alituambia tuyaandike. "Kama mulijua mama iko Sake," aliuliza polepole, "kwa nini mulinyamaza?"

Nilifungua ukurasa mbele yake na mbele ya Patron. Nikabofya msaraba, nikaishusha kadre, na sentensi ikatoka yote. Patron hakunifokea. Aliniambia kuna nafasi kwenye lori la Sake, niende nikamwambie mama kwa mdomo wangu.

Nilimkuta sokoni akiuza mihogo. Alinifutia kigoda kwa kanga yake, akaniuliza, "Papa wa gazeti, jibu haijafika?"

"Bado, Mama," nilijibu.

Msaraba sikuujua maana yake. Yeye nilimwona vizuri, na bado nilisema hivyo. Akanifungia mihogo niwapelekee watoto, nami nikaipokea. Nilipita tena Sake mara nyingi, na kila mara jibu langu lilikuwa lile lile, mpaka vita vilipofika pale sokoni na watu wakatawanyika. Sijamwona tena.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Ninyi mnaopanga kurasa leo, programu zitawabadilikia tena na tena. Kaeni na fundi mchana mzima. Na mkimsomea mtu tangazo lake, wekeni kidole juu ya karatasi iliyotoka.

Na kama Mama Byamungu yu hai, ninamwomba yeyote anayemjua amsomee haya, asikate mahali popote. Mama, jibu lilifika. Mwanao alisoma kwamba u mzima, akafurahi, akaenda kukutafuta Walikale, kwa sababu mimi sikumwambia uko Sake.