Besi wa Greenbelt Aliyenichinjisha Mbuzi

Naapa kwa mvi zangu zote, hata zile zilizokwisha kudondoka: haya yalinitokea mimi Gwakisa mwenyewe, na anayebisha aje Greenbelt, huku Marekani, nimwoneshe mahali.

Ilikuwa tisini na nane, mwezi wa nne. Samaki alinivuta nikaingia ziwani na viatu vyangu miguuni.

Tulia. Nakuja.

Mimi mstaafu, nakaa kwa binti yangu Genoveva. Ukistaafu Marekani kazi yako ni kuangalia utabiri wa hewa kwenye tivii na kuvua samaki. Mwenzangu wa kuvua alikuwa Mwaura, Mkenya, nesi, mtu mpole anayecheka kwa pua tu.

Tukawekeana dau: atakayeondoka ziwani bila kushika besi, yule samaki wanaomgombania wavuvi wa huku, Jumapili ya chakula cha pamoja kanisani atavaa aproni, apike, aoshe na masufuria. Mbele ya akina mama.

Mimi aproni sijawahi kuvaa tangu nizaliwe. Akina mama wale wangenisimulia mpaka mji wa jirani, Columbia.

Sasa, msimu ule besi wanataga, na sheria inasema ukimshika unamrudisha majini. Kwa hiyo ushahidi wako ni macho ya mwenzako, basi.

Asubuhi jua, nikavua koti. Mara upepo wa barafu, nikalivaa. Mara jua tena. Hali ya hewa ya huku ni kama bosi mpya, hujui leo kaamkaje.

Mwaura akanasa besi, mdomo mpana kama mfuko wa koti. Akanionesha, akambusu, akamwachia. Mimi nilinasa majani.

Ghafla ikashuka mvua ya mawe. Mwaura mbio kwenye gari. Mimi nikagoma. Heri mawe kuliko aproni.

Mvua ilipokatika akarudi, akanikuta nimelowa mpaka kofia, gugu linaning'inia sikioni.

"Mzee, kwani ni nini imekufanyikia?"

Nikashusha pumzi. Nikamwambia ni besi, ukubwa wake mtoto wa darasa la pili. Kameza chambo, kanivuta hadi katikati ya ziwa, nazama, naibuka, bata wanatupisha njia. Nikasali sala ya mwisho, Kinyakyusa kitupu. Ndipo akanitazama usoni, akanihurumia, akaniachia. Na kwa kuwa sheria inataka arudi majini, tukaagana.

Mwaura akanitoa lile gugu sikioni.

"Basi umeshinda, Mzee, wako ni mkubwa kuliko wangu. Wacha mimi nipike."

Kirahisi hivyo. Nilirudi nyumbani natembea kama mbunge.

Jumapili, matangazo yanakaribia kuisha, Mwaura akasimama na aproni yake kiunoni. Akaeleza kwa sauti ya majonzi jinsi Mzee Gwakisa alivyozama na Mungu akamtoa.

Vigelegele.

Mama Vumilia, mwenyekiti wa akina mama, akainuka. "Baba, umetolewa kwenye mauti halafu umekaa kimya? Kwetu mtu akiponea hivyo anatoa shukrani. Anachinja mbuzi, na anawahudumia watu kwa mikono yake mwenyewe."

Nikamwangalia mchungaji. Naye ananiangalia.

Niseme ukweli? Kwamba hata ile sala nilitunga?

Nikasema amina. Tena nikaongeza kuwa samaki alikuwa na ndevu, maana mdomo wangu nao haujui pa kuishia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyuma ya kanisa na mbuzi mzima niliyemnunua mwenyewe. Moshi machoni, aproni ya maua kifuani. Nikachoma, nikagawa, nikasugua masufuria.

Mwaura akaja na sahani kwa mara ya tatu. Akainama sikioni.

"Mzee, siku ile nilikuwa nimepaki gari ikiangalia ziwa, na waipa za kioo zilikuwa zinafanya kazi. Nilikuona ukiteleza kwa matope. Ukakaa chini, puu. Maji ilikuwa ya magoti."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa na hamu ya mbuzi. Niongezee hapo kwa mbavu."

Nikamwongezea.

Somo, ndugu zangu: ukitaka kudanganya, danganya ukubwa wa samaki, uishie hapo. Usithubutu kusema umeponea chupuchupu, maana watu wa kanisa watakushukuria Mungu mpaka mfupa wa mwisho.